Tulimwita Mwizi, Kumbe Chombo Kilikuwa Kichafu

Akina mama wenzetu, tunaandika habari hii kwa aibu kidogo, lakini tumekubaliana sote kwamba iandikwe. Huenda ikamwokoa mtu mwingine na neno ambalo likishatoka mdomoni halirudi.

Sisi ni akina mama saba wa Kunduchi, wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Wengine wetu ni Wakristo na wengine ni Waislamu, lakini sote tumelea watoto wetu kwa kazi moja: kununua samaki dikoni, kuwakaanga, na kuwapeleka Tegeta na Mwenge. Kwa miaka mingi tulisimama ufukweni na mabeseni yetu tukingojea bei ya wenye vyombo. Ndipo tulipoanza kuweka akiba pamoja, na mwaka 2016 tukanunua mashua yetu wenyewe. Haikuwa mpya, lakini mbao zake zilikuwa nzima, na ilikuwa na mashine ndogo ya petroli.

Nahodha tuliyempata alikuwa mtu mzima, umri wa baba zetu. Tulimwamkia shikamoo, naye alituita "wanangu". Wakati wa giza la mwezi alitoka jioni na vijana wanne na taa zao, wakavua dagaa, wakarudi alfajiri. Kama ilivyo desturi ya pwani, gharama za safari zilitolewa kwanza, na kilichobaki kikagawanywa kati ya chombo na mabaharia. Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Lita 20 za petroli zilitosha usiku mzima, na nyingine zilibaki.

Baadaye zikawa hazitoshi. Nahodha akaomba lita 25, kisha 30. Mhazini wetu aliandika kila kitu katika daftari, na kila mwisho wa mwezi tulilitazama daftari lile tukanyamaza. Majumbani mwetu waume walianza kuuliza, "Hivyo chombo chenu kinakula au kinalisha?" Mtu mmoja akatuambia kwamba petroli huuzwa usiku huko huko baharini. Hatukumwuliza alijuaje. Wala hatukujiuliza kwa nini hata mgao wa vijana ulikuwa umepungua kama wetu.

Tena kuna jambo ambalo tulilisahau makusudi. Nahodha alikuwa ametujia mara tatu. "Wanangu, chombo kinaomba kupandishwa. Nipeni fedha ya chokaa na shahamu, na siku mbili za bamvua." Mara ya kwanza ilikuwa Januari, mwezi wa sare na madaftari ya shule, tukamwambia asubiri. Mara ya pili tukamwambia asubiri tena. Mara ya tatu tulidhani ni njia nyingine ya kutuchuna.

Basi tukamwita kikao chini ya mkungu, pale pale dikoni, mbele ya vijana wake na wachuuzi. Mmoja wetu alitamka neno "mwizi". Sisi sita tuliobaki hatukulitamka, lakini hakuna aliyelikataa. Kwa hiyo tunasema kwamba tulilitamka sote.

Mzee alisimama, akakung'uta mchanga kwenye shuka yake, akasema, "Haya, wanangu. Chombo ni chenu." Akaenda zake.

Tukamweka kijana wa nyumbani, mtoto wa dada wa mmoja wetu, ambaye tulijua hawezi kutuibia. Wiki ya kwanza alitumia lita 30. Wiki ya pili alitaka zaidi, na juu ya hayo alilalamika kwamba usiku kucha mtu mmoja hakai, anakumba maji kwa kopo. Hapo mioyo yetu ilianza kutupiga. Kama mwizi ameondoka na mali bado inapotea, nani aliyeiba?

Tulingoja mbalamwezi. Wakati huo dagaa hawafuati taa, na vyombo hupumzika. Ndio wakati wa bamvua pia, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Kijana aliiingiza mashua pwani kwa maji makuu ya alfajiri, akaifunga, nayo bahari ikaanza kurudi nyuma. Ilipofika saa nne asubuhi mashua ilikuwa imepwelewa mchangani, imeegemezwa kwenye magadi. Tukakunja kanga zetu tukaenda kutazama.

Wenzetu, tulichokiona hatukisahau. Juu ya maji mashua yetu ilikuwa na rangi nzuri ya buluu. Chini ya maji hapakuwa na ubao wa kuonekana. Kwanza palikuwa na ute wenye utelezi, juu ya ute mwani wa kijani mrefu kama nywele, na karibu na mkuku palikuwa na vigamba vyeupe vigumu, vimeshikana maelfu kwa maelfu, vyenye kingo kama wembe. Mmoja wetu alipitisha kiganja chake, kikatoka damu.

Kila mwanamke aliyewahi kuvuka maji na kanga iliyolowa anajua jinsi inavyozishika hatua zake. Ndivyo mashine yetu ilivyokuwa ikivuta bustani nzima ya baharini kila usiku. Petroli haikuuzwa. Iliishia kwenye mwani. Tena kijana alipokwangua sehemu moja tuliona matundu madogo kama ya sindano. Ni kazi ya mdudu mwenye mwili kama mnyoo, ingawa ni jamaa ya chaza. Huingia akiwa mdogo sana, akakua ndani ya ubao na kuula, na mwenye chombo asione kitu mpaka maji yanapopenya.

Jioni ile tulikwenda kwa mzee, sote saba. Mke wake ndiye aliyetupokea. Alitutandikia jamvi, akatuletea maji ya kunywa, lakini hakusema neno. Tungefurahi zaidi kama angetutukana. Mzee alipotoka tulimweleza tuliyoyaona, tukamwomba radhi.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nimewasamehe. Lakini neno lile hamkulisema hapa nyumbani kwangu. Mlilisema dikoni, na huko ndiko liliko mpaka leo. Mjukuu wangu ameulizwa shuleni. Kalisafisheni huko huko."

Asubuhi, wakati wa mnada wa samaki, tulisimama chini ya mkungu ule ule. Aliyesema ni yule yule aliyelitamka neno, nasi tukasimama naye bega kwa bega. Alisema kwamba nahodha yule hakuwahi kuiba hata kikombe cha petroli. Waliokosa ni wenye chombo, waliomnyima fedha ya kukisafisha. Watu wengine walicheka. Wengine waligeuka kutazama samaki wao. Lakini wote walisikia.

Siku hiyo hiyo maji yalipokupwa tulimwona mzee akija, na panga butu mkononi. Akatufundisha, nasi tunawafundisha ninyi, maana wako wanawake wengi siku hizi wenye hisa katika vyombo ambavyo hawajawahi kuinama kuvitazama chini.

Kwanza, kazi hufanywa ubao ukiwa bado na unyevu, kwa sababu vigamba vikikauka hushika zaidi. Tulikwangua kwa panga butu ili tusiuchune ubao, kisha tukasugua kwa makumbi ya nazi na mchanga. Ulifanyika upande mmoja siku ile, na upande wa pili siku iliyofuata, kwa kuwa bahari hairuhusu zaidi ya saa chache. Vaeni viatu na glovu. Watoto wakae mbali.

Baada ya hapo vijana walishusha mashine na tangi la petroli, wakavipeleka mbali kabisa, ndipo wakapitisha moto mwepesi wa makuti makavu chini ya chombo. Moto huo hukausha ubao na kuua mabaki ya mwani na wadudu walio karibu na uso wake. Palipokuwa na nyufa mzee alitia kalafati, yaani pamba iliyolowa mafuta, akiigongea ndani kwa patasi. Mwisho tukapaka deheni, mchanganyiko wa shahamu ya ng'ombe na chokaa, kuanzia mkuku mpaka mstari wa maji. Sehemu ya juu ikapakwa sifa, mafuta ya papa. Yananuka vibaya, lakini hulinda mbao. Deheni isiguswe kwa mikono mitupu, kwani chokaa huunguza ngozi na macho.

Wengine hutumia rangi za dukani zinazozuia uchafu. Zipo, na nyingi zina shaba ndani yake. Ila inafaa kujua kwamba si kila dawa ya chombo ni rafiki wa bahari. Katika miaka ya 1970 huko Arcachon, Ufaransa, rangi za aina hiyo zilizotiwa sumu ya bati ziliharibu magamba ya chaza na kuwazuia wasizaane. Ufaransa iliikataza kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa dunia nzima uliofikiwa mwaka 2001 ulianza kutumika mwaka 2008. Sisi ambao mama zetu walitulisha kwa kombe na pweza wa bamvua tunaelewa maana yake. Kwa hiyo rangi ya zamani ikikwanguliwa, itandikieni turubai na kuiokota yote. Isiachwe mchangani watoto wanakocheza.

Mashua ilipoelea tena, kijana alirudi alfajiri na petroli imebaki. Lita 20 zilitosha kama zamani. Tulilia, na si kwa furaha peke yake.

Tulimwomba mzee arudi kuwa nahodha wetu. Alikataa kwa upole, kwa kuwa alikuwa amekwisha kutoa ahadi kwa chombo cha mtu mwingine. Alitusamehe kweli, na mpaka leo akitukuta anatuita wanangu. Lakini hakurudi, nasi hatuna haki ya kumlaumu.

Siku hizi daftari letu lina mstari mmoja ulioongezwa, nao huandikwa kabla ya mgao wowote: "ya kusafisha". Kila mbalamwezi mashua husuguliwa, na kila miezi mitatu huchomwa na kupakwa deheni, hata kama ni Januari. Tena tumewekeana sharti kwamba hakuna atakayeitwa mwizi katika kikao chetu kabla sisi wenyewe hatujakunja kanga na kwenda kuangalia chini ya maji.

Mpendwa msomaji, labda wewe huna chombo. Lakini yuko mtu aliyekuomba jambo dogo mara tatu, nawe ukamwambia asubiri. Kabla hujamhesabia hasara, kumbuka alichokuomba.