Daftari la Mjukuu Wangu

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Huku sote wazima, magoti tu ndiyo yanayonikumbusha umri. Picha za daftari nimezipata na ujumbe wako nimeusoma: kwamba mtoto ni mvivu, kwamba mwalimu kamwandikia kwa wino mwekundu "mwandiko wa kuku, rudia", na kwamba sasa kila jioni unamkalisha mezani ajaze ukurasa mzima ndipo ale. Hilo la jioni liache kwanza. Sikukatazi kumfundisha. Nakukataza kumchosha kwa jambo ambalo hujajua limekwama wapi.

Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi, na daftari bovu halinitishi. Lina habari nyingi kuliko zuri. La mjukuu wangu nimelivuta karibu kwenye simu, na cha kwanza nilichokiona ni kwamba hajaruka sauti hata moja. "Tulivuka ng'ambo. Tuliona mbuzi." Herufi zinayumba, lakini ng' ipo na mb ipo. Hapo nikashusha pumzi. Watu hudhani kwa kuwa Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, basi mtoto hana pa kukosea. Katie Alcock na Damaris Ngorosho waliyachunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, na utafiti wao uliotoka mwaka 2003 ukaonesha kwamba kazi hiyo si ndogo hata kidogo. Mtoto anayeandika "buzi" kwa mbuzi na "dizi" kwa ndizi, shida yake ni kuzikamata sauti. Huyo hata umpe mkono wa karani wa mahakama ataandika "buzi" ya kupendeza. Wako sauti anazo zote. Kinachomshinda ni safari ya kutoka kichwani mpaka kwenye mstari.

Ndiyo maana juzi nilipiga simu ya video nikamwomba aniandikie "kaka" huku namtazama. Wewe ulikuwa kazini. Alishika penseli kwa mkono wa kushoto, kifundo kakikunja juu ya mstari, karatasi kainyoosha mbele yake kama askari wa gwaride. K ya kwanza akaianzia juu. Akasimama, akanyanyua macho kutazama chati ya herufi ukutani, akarudi. K ya pili akaianzia chini. Neno moja, herufi ileile, njia mbili! Mkono wake haujapata njia ya kudumu, na kila herufi kwake ni fumbo jipya linalotaka kufumbuliwa.

Sasa fikiria gharama yake. Kwenye daftari, habari ya safari yenu ya Pangani ina sentensi nne kavu. Kwa mdomo, siku hiyohiyo, kanisimulia mbuzi aliyegoma kushuka kwenye kivuko upande wa Bweni, mwenyewe akimvuta masikio, abiria wakicheka, nahodha akipiga honi. Mbuzi yule kapotelea wapi? Kapotea njiani, kwa sababu akili ya mtoto ilikuwa imeshikwa na umbo la k. Wafaransa wawili, Béatrice Bourdin na Michel Fayol, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1994. Waliwapa watu maneno ya kukumbuka, wakayataja kwa mdomo au kuyaandika. Watoto walikumbuka machache zaidi walipotakiwa kuandika, ilhali watu wazima haikuwasumbua. Lakini watu wazima walipoambiwa waandike kwa herufi za mtindo wasiouzoea, nao wakaanza kusahau. Nafasi ya kushikia mawazo kichwani ni finyu kwa kila binadamu. Mkono usiojua njia huila nafasi hiyo, na wazo hukosa pa kukaa. Wewe ukaona sentensi nne ukasema mtoto hana mawazo.

Na walimu, mimi nikiwa mmoja wao, tunaongeza chumvi kwenye kidonda. Imepimwa mara nyingi: insha moja, maneno yaleyale, ikiandikwa vizuri hupata alama zaidi kuliko ikiandikwa vibaya, hata pale msahihishaji anapoombwa aangalie mawazo tu.

Kuhusu b na d anazozigeuza, usinipigie simu tena kwa hilo. Ana miaka saba. Ubongo wa binadamu umezoea kwamba kikombe ni kikombe, mpini ukielekea kulia au kushoto. Stanislas Dehaene ameeleza vizuri kwamba anayejifunza kusoma hana budi kuyavunja mazoea hayo kwa ajili ya herufi tu. Wengi huyavunja taratibu ndani ya miaka ya mwanzo ya shule.

Lakini kuna kitu nataka ukijaribu. Mpe karatasi achore duara, msalaba, mraba, pembetatu, kisha umbo la tiara. Duara watoto wengi huliweza kwenye miaka mitatu, msalaba kwenye minne, mraba kwenye mitano hivi, pembetatu baadaye kidogo, na tiara huja mwisho, karibu na saba, kwa sababu mistari ya mshazari ni migumu kuliko iliyosimama na iliyolala. Tazama k, v, w, y na z: zote zina mshazari. Akiiweza tiara, jicho na mkono vinaelewana, kilichobaki ni mafunzo.

Nije kwenye mashoto yake. Mama mkwe wako asimfunge mkono, na wala asimchape kiganjani, nitamwambia mwenyewe. Ustadhi wenu wa chuoni, Mungu amjalie, kamwacha aandike kwa mkono anaouweza, na nasikia anausifu mwandiko wake wa Kiarabu. Sikushangaa. Kiarabu kinatoka kulia kwenda kushoto, basi mkono wa kushoto unaliacha nyuma neno ulilokwisha kuliandika. Shuleni mambo yamepinduka: mkono unapita juu ya maandishi, unayafuta, unayaficha, na mtoto anakunja kifundo ili aone alichoandika. Karatasi na iinamishwe, kona ya juu ya kushoto iwe juu kuliko ya kulia, na penseli ishikwe juu kidogo ya ncha. Mwombe mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane viwiko na mwenzake. Namna ya kupanga vidole usiigombanie sana. Iko mishiko kadhaa inayoandika sawasawa.

Mazoezi je? Utaambiwa mpe udongo afinyange, acheze gololi, asuke ukili. Ni vitu vizuri, na acheze, lakini visikudanganye. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2011 yalikuta kwamba mazoezi ya vidole yasiyo na uandishi ndani yake hayarekebishi mwandiko. Njia niliyoiamini zaidi ni ile aliyoipima Virginia Berninger kule Marekani, mwaka 1997, kwa watoto wa darasa la kwanza. Andika herufi, uiwekee vishale vyenye namba kuonesha mkono unaanzia wapi na unakwenda wapi. Mtoto aitazame, uifunike, aiandike kwa kukumbuka. Herufi chache, dakika kumi, ukiwa umetulia, kisha basi, akale. Jioni nyingine asimulie yeye, uandike wewe, kila neno, hata mbuzi wa Bweni, halafu msomee. Ataona kwamba mawazo yake yana urefu.

Uliniandikia pia kwamba zama za mwandiko zimepita na kompyuta itamwokoa. Pengine baadaye. Kwa sasa hapana. Karin James na Laura Engelhardt, mwaka 2012, waliwafundisha herufi watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma: kwa kuandika wenyewe, kwa kufuatisha nukta, na kwa kubonyeza vitufe. Walipotazama bongo zao kwa mashine, sehemu zinazotumika kusomea ziliamka kwa herufi walizoziandika kwa mikono yao wenyewe. Mkono unamfundisha msomaji.

Kabla ya yote mpeleke akapimwe macho. Na kama muhula mzima ukipita bila nafuu, au ukigundua kwamba hata vifungo vya shati na kamba za viatu vinamshinda, basi tutafute wataalamu. Wapo watoto, kama watano katika kila mia, ambao viungo vyao havishikamani na nia zao kirahisi, na wapo wengine wenye disgrafia, yaani ugumu wa kuandika. Hao kuwapigia kelele ni kuwaonea. KCMC Moshi wanasomesha watu wa tiba kazi, na Chuo cha Ualimu Patandi kinawaandaa walimu wa elimu maalumu. Nitakwenda naye mimi, nauli usijali.

Jumamosi nitumie picha ya tiara. Usimsaidie kuichora.

Nisalimie wote nyumbani,

Shangazi yako