Mji Uliowapa Watoto Usiku Wao

Anoka, katika jimbo la Minnesota, ni mji mdogo uliokaa pale Mto Rum unapoingia Mississippi, kama kilomita 30 kaskazini ya Minneapolis. Ukifika mwishoni mwa Oktoba huna haja ya kuuliza kuna nini. Maboga yamejaa vibarazani, mifupa ya plastiki imekalishwa vitini uani, na vioo vya maduka ya Main Street vimechorwa popo na paka weusi. Mji unajiita makao makuu ya Halloween duniani, na kwa historia yake una haki ya kujiita hivyo.

Zamani, usiku wa Halloween ukipita, watu wa hapa waliamka na kukuta ng'ombe wao wanazurura barabara kuu, madirisha yamepakwa sabuni, vyoo vya nje vimepinduliwa. Ilikuwa kazi ya vijana. Wakubwa wa mji wangeweza kujibu kwa viboko. Mwaka 1920 wao, akiwamo George Green, waliamua vingine: wakaandaa gwaride, wakawasha moto mkubwa, wakawagawia watoto bisi, karanga na pipi. Mwaka 1937 mvulana wa miaka 12, Harold Blair, alipelekwa Washington akiwa na sweta la Halloween mwilini na tangazo la mji wake kuwa makao makuu ya Halloween mkononi. Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha sherehe 1942 na 1943. Baadaye gwaride likarudi.

Uamuzi ule wa 1920 bado unaishi. Niliuona katika ukumbi wa mazoezi wa shule moja ya msingi, jioni, jua limeshazama saa kumi na mbili na baridi imeanza kuuma. Watoto waliingia wanene kuliko kawaida, maana hapa vazi la Halloween huvaliwa juu ya koti zito. Wazazi wa huku hawaichezei baridi: wenye umri bado wanasimulia tufani ya theluji ya Halloween ya 1991, iliyomwaga zaidi ya sentimita 70 Minneapolis kabla haijakoma.

Aliyenialika ni mama wa Kikenya, muuguzi, kama walivyo Wakenya wengi wa vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis. Alikuwa zamu ya meza ya maboga. Watoto walirusha pete za kamba ili zinase kwenye kikonyo cha boga. Wengine waliviringisha boga dogo sakafuni liangushe mabunda ya karatasi za chooni yaliyochorwa macho ya mizuka. Michezo ya kulenga shabaha, ya kufurahisha, lakini haikunishika sana. Ingeweza kuchezwa siku yoyote.

Nilivutwa na kona ya matufaha. Mchezo wa kukamata tufaha kwa meno, mikono ikiwa nyuma, ulivuka bahari pamoja na wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti, ambako ulikuwa mchezo wa usiku huu karne nyingi zilizopita. Desturi ni matufaha kuelea kwenye beseni la maji, na kila mtoto azamishe uso. Wazazi wa sasa hawapendi vinywa vyote kuingia maji yale yale, kwa hiyo hapa walining'iniza donati kwa uzi kwenye kamba ndefu. Uzi hutikisika, donati hukimbia, sukari hujaa puani. Mvulana mmoja aliyevaa kama mwanaanga aligundua kwamba akipiga magoti na kungoja itulie, ataipata kutoka chini. Wenzake wakamwiga mmoja mmoja, na mstari mzima ukawa umepiga magoti, vinywa wazi.

Halafu kulikuwa na boksi. Ni la kadibodi, lina tundu la kuingiza mkono, na ndani hakuonekani kitu. Mwalimu alinong'ona kwamba humo mna macho ya zimwi na utumbo wake. Ni zabibu zilizomenywa na tambi zilizopoa, na nadhani nusu ya watoto walijua. Hata hivyo mkono ulipogusa ule utelezi, kelele zilipanda hadi dari. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kona nyingine yoyote, kwa sababu ya kilichofuata baada ya kelele: kila aliyetoa mkono alirudi nyuma ya mstari ili aingize tena. Binti wa mwenyeji wangu, wa darasa la pili, alikataa mara ya kwanza. Hakuna aliyemsukuma. Alisimama pembeni akawatazama wenzake wakicheka, kisha akamwambia mama yake, "Nishike mkono huu mwingine." Akaingiza. Ninaamini hapo ndipo thamani ya jioni nzima ilipo. Mtoto alichagua mwenyewe kiasi cha woga anachokiweza na saa ya kuukabili, huku amezungukwa na watu wanaompenda. Kumtishia mtoto mazimwi ili alale au anyamaze, kama wengi wetu tulivyolelewa, hakumpi nafasi hiyo.

Si familia zote zinazokuja. Zipo za Kikristo na za Kiislamu zinazojiepusha na siku hii kwa imani, na mwenyeji wangu aliniambia walibishana nyumbani kabla ya kukubaliana: michezo ndiyo, mafuvu na mapepo hapana. Niliona busara katika mpango huo, na binti yake, aliyevaa kama bundi, hakupungukiwa na kitu.

Mwisho timu zilishindana kumviringishia mwenzao karatasi za chooni hadi awe kama maiti ya Misri ndani ya sanda. Karatasi zilipokwisha na sakafu kuwa nyeupe, yule bundi akanijia: "Anko, Tanzania mnacheza nini usiku?" Nikamweleza kombolela: mmoja anahesabu na kutafuta, wengine wanajificha, na ambaye hajakamatwa akiwahi kituoni anawakomboa wote walionaswa. Akawaita wenzake. Tukaweka boga katikati ya ukumbi kuwa kituo, mwanaanga akafumba macho kuhesabu, na maiti wawili, sanda zikiburuzika, wakakimbilia chini ya meza ya donati.