Mafuta ya Nyonyo Hayapimwi kwa Macho

Mteja akija kununua mafuta ya nyonyo huinua chupa kwenye mwanga, hufungua kifuniko akanusa, kisha hudondosha tone kwenye vidole aone linavyovuta. Akiridhika, analipa. Mimi nakamua nyonyo mkoani Singida, na nasema wazi kwamba vipimo hivyo vitatu havimlindi. Asidi iliyoharibu mafuta haionekani. Sumu iliyobaki kwenye mashudu haionekani. Vumbi linalomkaba kijana wa mashine linaonekana, lakini mteja hayupo linapopaa.

Uharibifu huanzia shambani. Vichala vya mbarika, yaani mmea wa nyonyo, haviivi kwa pamoja: vya chini vinakauka na kupasuka, mbegu zinarukia mchangani, wakati vya juu bado ni vya kijani. Inabidi mkulima apite shamba lilelile mara kadhaa. Asiye na nafasi anakata vyote kwa mkupuo, na mbegu mbichi zinaingia gunia moja na kavu. Baada ya hapo wanapura kwa fimbo. Ganda la mbegu ya nyonyo ni jembamba, linapasuka upesi, na ndani yake kuna kimeng'enya kinachovunja mafuta na kuyaacha na asidi. Mbegu iliyopasuka ikipata unyevu, kazi hiyo inaanza hapo hapo gunia likiwa bado ghalani. Dalali ananunua kwa kilo na kuuza kwa kilo, na maji nayo yana uzito.

Kiwanda kinachotaka mafuta ya daraja la kwanza kinataka asidi huru isizidi asilimia 1 na unyevu usizidi asilimia 0.25. Nakumbuka shehena iliyolala chini ya bati linalovuja masika nzima kabla ya kuletwa kwetu. Mafuta yake yalitoka na rangi ya dhahabu, mazito, mazuri kabisa kuyatazama. Majibu ya maabara yakaonyesha asidi imepita kiwango mara kadhaa, na mnunuzi akakataa mzigo. Mwenye mali alibeba madumu yake akayauza rejareja kama mafuta ya nywele. Sikusikia mtu aliyelalamika.

Wengi hudhani kusafisha mafuta ni kuyachuja. Kuchuja kunaondoa makapi tu. Kusafisha hasa ni kuyaosha kwa maji ya moto ili utomvu uachane na mafuta, kuua asidi kwa kostiki soda, kuyapitisha kwenye udongo wa kupaushia, na mwisho kuondoa harufu kwa mvuke. Alizeti hukubali hatua hizo bila shida kubwa. Nyonyo inasumbua. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, ya nyonyo inakaribia gramu 960, na ya maji ni gramu 1,000. Kwa kuwa nyonyo imekaribia uzito wa maji, na yenyewe ni nzito kumiminika, ukishayaosha yanachelewa mno kuachana na maji. Ukitia kostiki, sabuni inayotokea inang'ang'ania mafuta na tangi zima linageuka kuwa kama uji mweupe. Unapasha moto, unasubiri, na ukija kumwaga sabuni unamwaga na mafuta mengi ndani yake.

Kwa hiyo wakamuaji wadogo wengi huishia kwenye kitambaa cha kuchujia. Mafuta hayo yanafaa kulainisha ngozi ya viatu, na ukiyapaka kichwani hayatakuua. Lakini kuna watu wanayanywa kufungua choo, na kuna wajawazito wanaoshauriwa wayanywe ili uchungu uanze. Ya kunywa ni yale yaliyosafishwa na kupimwa kwa ajili ya dawa, na mjamzito hapaswi kuyagusa bila mtaalamu wa afya kumsimamia. Chupa iliyotoka kwenye ekspela, mashine yangu ya kukamulia, sitampa mtu anywe.

Siku hizi wateja wanataka mafuta meusi, wanaamini ndiyo halisi. Weusi unatokana na kukaanga mbegu, basi. Bibi zetu walikaanga, wakatwanga, wakachemsha kwa maji mengi, kisha wakaengua mafuta juu, na kazi yao ilikuwa nzuri kwa sababu ya kule kuchemsha. Anayeunguza mbegu na kuzitia moja kwa moja kwenye mashine anauza rangi.

Kuna na uchakachuaji. Wachuuzi huongeza alizeti kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ukiwa na mzani unaweza kujilinda: mafuta ya lita 20 za nyonyo tupu, ukitoa uzito wa dumu, yanakaribia kilo 19.2, ya alizeti tupu yanakaribia kilo 18.4. Njia nyingine ni spiriti kali ya asilimia 95 au zaidi. Nyonyo inayeyuka humo na kuwa maji maangavu. Alizeti haiyeyuki hivyo. Inafanya ukungu kisha inatuama chini. Nimewafundisha wasusi kadhaa, na baadhi yao walirudi wakiwa na hasira, kwani mafuta waliyokuwa wakiyanunua siku zote yalitengana mbele ya macho yao.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni mashudu. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, na ekspela haiwezi kuyatoa yote, kwa hiyo zaidi ya nusu ya kila gunia inabaki kuwa mashudu. Humo ndimo risini inamobaki. Ni sumu ya protini, haiyeyuki kwenye mafuta, haina dawa ya kuitengua, na dalili zake huchukua saa kadhaa kujitokeza: kutapika, kuhara damu, kuishiwa maji mwilini. Mashudu ya nyonyo na ya alizeti yakishasagika yanafanana kwa asiyeyazoea.

Mfugaji mmoja alifika kwetu ameshika konzi ya mashudu. Alikuwa ameyanunua mnadani kama ya alizeti, akawapa mbuzi jioni. "Mwanangu, haya ni alizeti?" Niliyatandaza kwenye gazeti. Vipande vya ganda lenye madoadoa vilikuwa wazi. "Hapana, mzee. Hii ni nyonyo. Shikamoo, na pole." Mbuzi waliobaki hai walikuwa wawili, na bado walikuwa wamelala.

Wapo wanaosema ukichemsha mashudu mifugo inaweza kula. Joto kweli linavunja risini, lakini katika pipa la uani joto halifiki sawa kila mahali, na huna kipimo cha kukuhakikishia. Yatumike kama mbolea, kwani yana naitrojeni nyingi, yafukiwe chini kabisa, na mbwa na kuku wazuiwe wasifukue.

Vumbi lake nalo ni adui. Mbegu ya nyonyo ina protini nyingine inayoamsha mzio mkali. Kijana mmoja aliyekuwa akilisha mashine alianza kwa kupiga chafya, yakafuata macho kuvimba, kisha kifua kubana usiku. Akikaa nyumbani anapona. Akirudi kazini, siku hiyohiyo hawezi kupumua. Ilibidi aache. Hata gunia tupu lina hatari: huko nje wafanyakazi wa kahawa wamewahi kuugua kwa sababu magunia yao yalikuwa yamebeba nyonyo. Hapa kwetu gunia hilohilo linapakiwa mahindi kesho yake.

Ndiyo sababu mashine yetu ya nyonyo ina chumba chake, na hatukamui kingine humo. Kila msimu anakuja mtu na alizeti yake, anaona foleni upande wa pili, anasema, "Ndugu yangu, pitisha humu tu, utaifuta." Haifutiki. Ndani ya ekspela kuna makombo yaliyojibana kwenye vyuma. Mafuta yatakwenda jikoni na mashudu yatakwenda kwa ng'ombe.

Uchungu wangu ni kwamba mmea huu ni wa Afrika Mashariki. Lakini sehemu kubwa ya nyonyo ya dunia inatoka India, hasa jimbo la Gujarat. Kutokana nayo viwanda vinatengeneza grisi, rangi, vipodozi, na nailoni 11 inayotumika kwenye mipira ya breki na ya mafuta ya magari. Soko lipo. Tunachokosa ni turubai la kuanikia, ghala lisilovuja, na maabara iliyo karibu na mkulima. Dumu likifika bandarini na asidi kubwa, muda wa kulitibu umepita.

Kwa hiyo wewe unayenunua, acha kuangalia rangi. Uliza mbegu zilikauka wapi na zimekaa ghalani muda gani. Omba karatasi ya maabara. Kisha uliza mashudu yake yanakwenda wapi. Mkamuaji asiyeweza kujibu hilo la mwisho, usinunue mafuta yake.