Aliyeshtuka Ndiye Aliyetoa Jina

Katika msamiati wetu wa kandanda yamo maneno mawili yanayonikera kila niyasikiapo: "kupaki basi" na "shambulizi la kushtukiza". Yote mawili huueleza ufundi wa timu ndogo, yaani kujilinda kwa wingi, kisha kushambulia kwa kasi mara mpira unaponaswa. Na yote mawili yametungwa na upande mmoja tu wa uwanja.

Tuanze na basi. Msemo huo ulienezwa na José Mourinho mwaka 2004, alipolalamika kuwa Tottenham walikuja na basi wakaliegesha mbele ya lango. Yalikuwa manung'uniko ya kocha wa timu tajiri iliyoshindwa kufunga, nasi tukayapokea pamoja na dharau yake. Lakini Shinyanga kuna Stand United, timu iliyocheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15, na ambayo jina lake limetokana na stendi ya mabasi. Mtu wa stendi anajua asilolijua mlalamikaji: basi huegeshwa ili lipakie, na likishajaa huondoka. Kuegesha ni sehemu ya safari.

Septemba 2016, katika Uwanja wa Kambarage, Stand United iliifunga Yanga, bingwa mtetezi, bao 1-0. Oktoba 2019, uwanjani hapo hapo, Mwadui, timu ya mji wa almasi wilayani Kishapu, ikaifunga Simba, nayo bingwa mtetezi, bao 1-0. Bao moja dhidi ya mkubwa halitoshi kufungwa. Sharti lilindwe hadi filimbi ya mwisho. Hata hivyo, baada ya mechi za namna hiyo husikika zaidi kwamba mkubwa "kateleza". Aliyemtelezesha hatajwi.

Neno la pili lina hila zaidi, maana limevaa sura ya istilahi. Kushtukiza kumetokana na kushtuka. Basi tujiulize: nani alishtuka? Kocha wa timu ndogo hupanga safu mbili za wachezaji wanne wanne, zikakaribiana hata kiungo wa wapinzani akakosa pa kugeukia. Huwaacha mabeki wa pembeni wa wapinzani wapande, kwa kuwa kila wapandapo huacha uwazi migongoni mwao. Mpira ukinaswa, pasi ya kwanza huelekezwa huko huko, na winga amekwisha kuanza kukimbia. Aliyeingoja nafasi hiyo kwa dakika 60 hakushtuka hata kidogo. Aliyeshtuka ni yule aliyepanda akasahau kurudi, na ndiye aliyetoa jina.

Lugha yetu yenyewe haikukosa heshima kwa subira. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, hawakumwita mwoga. Kule Geita, wachimbaji wadogo hushinda maduarani siku nyingi wakivunja mwamba kabla ya kuiona chembe ya dhahabu, na hakuna anayesema kwamba dhahabu hiyo imepatikana kwa kushtukiza.

Nasi washairi tuna kipimo chetu. Katika malumbano, mjibuji humwacha mwenzake azimalize beti zake, hutazama alipoacha pengo, kisha hupenya papo hapo, mara nyingi kwa bahari na vina vile vile. Kazi hiyo tunaiita jibu, na jibu zuri hukumbukwa hata swali likasahaulika. Kwa nini basi tusiseme "shambulizi la jibu"? Neno ni letu, ni fupi, na linampa heshima aliyetenda badala ya aliyetendwa.

Huenda mtu akaona huku ni kugombania maneno tu. Lakini Stand United ilishuka daraja mwaka 2019, na Mwadui mwaka 2021. Geita Gold, iliyomaliza ya nne msimu wa 2021/22, huku George Mpole wake akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, nayo ilishuka mwaka 2024. Timu zinapoondoka Ligi Kuu, kinachobaki ni maneno tuliyozisimulia nayo. Tukibaki na haya tuliyo nayo, watoto wa Shinyanga na Geita watasoma kwamba siku moja wakubwa waliteleza. Hawatasoma kwamba wadogo walijua walichokuwa wakikifanya.