Ng'ambo ya Ng'ambo

Jina la mahali ni kama nguo ya mtoto: hushonwa kwa kimo cha siku moja, na mwenyewe huendelea kukua. Zamani mkono wa bahari ulitenga Mji Mkongwe wa Unguja na makao ya upande wa pili, na makao hayo yakaitwa Ng'ambo. Daraja lililounganisha pande hizo lilitupa jina la Darajani. Maji yalifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na daraja halipo tena. Lakini majina yangali yakisimulia bahari ambayo macho hayaioni.

Mimi nilizaliwa Amani, mashariki ya Ng'ambo. Babu yangu alipokwenda sokoni Darajani alisema anakwenda mjini, kana kwamba sisi tulikuwa watu wa shamba. Na kwa hakika shamba halikuwa mbali nasi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba marefu ya Michenzani yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na mwaka 1970 kiwanja cha michezo cha Amani kilikamilika kwa msaada wa China. Kiwanja kilikaa ukingoni mwa mji. Leo ukingo umekikimbia, umepita Mwanakwerekwe na Fuoni. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulihesabiwa watu 593,678. Mwaka 2022 walizidi 893,000. Wilaya ya Magharibi imegawanywa mbili, na kila moja ina manispaa yake.

Marehemu baba alituachia shamba dogo upande wa Fuoni, lenye minazi na miembe. Ndugu zangu walitaka likatwe viwanja. Nilipinga kwa maneno mengi juu ya kivuli, rutuba na heshima ya wazee. Mdogo wangu, aliyekuwa akilala chumba kimoja cha kupanga pamoja na mkewe na watoto wanne, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Kaka, nyumba yako ya Amani ilipandwa juu ya nini?"

Sikuwa na jibu. Palikuwa na mti, au muhogo, ulioondolewa ili mimi nizaliwe chini ya paa. Niliyekwisha kula tunda la ukuaji wa mji nilikuwa nikimnyima mwenzangu ganda lake.

Nikatia sahihi, kwa sharti moja: njia ipimwe kwanza, ipitishe gari la mgonjwa na jeneza la maiti, na kisima kisiwe mali ya mtu mmoja. Aghalabu mitaa mipya huanza kwa nyumba, na njia na maji huja nyuma kama wageni waliochelewa. Mji haufanyi dhambi kwa kukua. Hufanya dhambi ukikua bila kumwachia jirani pa kupita.

Miembe miwili ilisalia kando ya kisima. Juzi binti wa mdogo wangu alikuja kunitazama. Nilipomwuliza amemwagaje mama yake, akajibu, "Nimemwambia nakwenda mjini."

Nilicheka, nikamkumbuka babu.