Nyumba ya Pry, Alipokaa Jenerali Mwenye Tahadhari

Kutoka Washington hadi Sharpsburg, Maryland, ni kama saa moja na nusu kwa gari. Nje ya mji huo ndipo ulipo uwanja wa Antietam. Tarehe 17 Septemba 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, watu wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea hapa kwa siku moja.

Wageni wengi hukimbilia daraja la mawe la Burnside. Mimi nawashauri muanze ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba ya matofali ya familia ya Pry. Hapa Jenerali George McClellan aliweka makao yake makuu, akayaangalia mapigano toka kilimani huku maelfu ya askari wake wa akiba wakikaa bila kutumwa. Usiku wa pili Jenerali Lee wa Kusini alivuka mto Potomac akaenda zake.

Washington iliwaka. Wanasiasa wa Republican, chama cha Rais Lincoln mwenyewe, Seneta Benjamin Wade akiwa mbele, walikuwa wakimtaka McClellan aondoke tangu kabla ya hapo. Alikuwa mtu wa Democratic, hakutaka vita viguse utumwa, nao walishuku kwamba hata ushindi kamili hautaki. Oktoba Lincoln alikuja mwenyewe kumhimiza. McClellan akalalamikia farasi waliochoka. Rais akamuuliza wamefanya kazi gani tangu Antietam hata wachoke. Alingoja uchaguzi wa wabunge upite, kisha akamwondoa. Amri ilimfikia hemani usiku wa tarehe 7 Novemba, theluji ikianguka. Askari walimlilia.

Nyumba ya Pry leo ni makumbusho ya tiba ya vita, na hapo ndipo muuguzi kama mimi anapokwama kidogo. Agosti ile ile ya 1862, McClellan alikuwa ameidhinisha mpango wa daktari wake mkuu, Jonathan Letterman: magari ya kubeba majeruhi yasimamiwe na idara ya tiba, yawe na watu waliofunzwa. Antietam majeruhi wengi waliondolewa uwanjani ndani ya siku moja. Wiki chache nyuma, kwenye vita vya Bull Run, wengine walilala siku kadhaa kwenye majani.

Bado naona Lincoln alikuwa na haki. Vita visivyokwisha navyo huua. Lakini Burnside, aliyeshika nafasi yake, hakuwa na tahadhari ile. Desemba, pale Fredericksburg, alipoteza watu zaidi ya 12,000, na magari ya Letterman ndiyo yaliyowabeba majeruhi.

Nyumba hufunguliwa kwa msimu, basi ulizeni kabla ya kuwapakia watoto.