Mpaka Uliotembea Usiku

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake ilinikaa moyoni Oktoba 2024, nyumbani kwetu Kwale, pale ambapo ndugu wawili wa tumbo moja nusura wamwage damu kwa sababu ya tarakimu chache kwenye kioo cha kifaa.

Ndugu msomaji, shamba la baba na la ami yangu limetenganishwa na safu ya minyaa iliyopandwa na babu. Alasiri moja nilizihifadhi pembe za shamba letu katika kifaa cha GPS nilichokiazima kwa rafiki. Baada ya swala ya magharibi, ami aliniomba nimwonyeshe zilipo. Kifaa kilituongoza, huku tarakimu zikirukaruka, hadi hatua kumi na mbili ndani ya shamba lake.

"Kumbe ndivyo mlivyopanga kunimega!" alifoka, panga mkononi. Baba naye akatoka nyumbani na lake. Majirani ndio waliowatenganisha.

Kulipopambazuka, kifaa kilekile kilituongoza hadi penye minyaa. Ami alinitazama kwa shaka.

"Mwanangu, kilidanganya usiku ama kinadanganya sasa?"

Sikuwa na jibu. Nilirejea chuoni nikiwa na deni la maelezo.

Nilichojifunza ni hiki. Setilaiti za GPS huizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila moja hutuma wimbi la redio linalotaja wakati lilipotoka. Kifaa hupiga hesabu ya muda wa safari na hivyo kujua umbali. Kwa kuwa wimbi husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300.

Njiani wimbi hupenya ionosfia, tabaka la juu la angahewa ambalo miale ya jua hulitia chembe za umeme. Tabaka hili hulichelewesha wimbi, na jua linapochafuka, ucheleweshaji huzidi. Machafuko ya jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka 11, na mwaka 2024 yalikuwa kileleni. Mei mwaka huo dhoruba kali zaidi tangu 2003 iliikumba dunia. Huko Marekani, baadhi ya wakulima wenye matrekta yanayoongozwa na GPS walisitisha upanzi.

Sisi wa karibu na ikweta tuna mtihani wetu wa ziada. Jua likishatua, mapovu yenye chembe chache za umeme hufumka ndani ya ionosfia, hasa kati ya Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba. Wimbi likipita humo humetameta mithili ya nyota, na kifaa huweza kulipoteza.

Jua si mkosaji pekee. Wimbi hilo hutufikia likiwa hafifu mno, kama mnong'ono sokoni. Mtambo mdogo wa kupiga kelele za redio hutosha kuufunika. Mwingine huiga sauti ya setilaiti na kutaja mahali pa uongo. Katika miaka ya karibuni, marubani wanaopita Bahari ya Baltiki na mashariki ya Mediterania wamekumbana na hila zote mbili.

Siwezi kuapa kwamba mapovu ndiyo yaliyotuhadaa, maana hata anga ikiwa shwari kifaa cha mkononi hukosea kwa mita kadhaa. Wapimaji ardhi hutumia vifaa vinavyopokea mawimbi ya aina mbili na kuyalinganisha, na huvisahihisha kwa kituo ambacho mahali pake panajulikana barabara. Kosa langu lilikuwa kuyachukua maneno ya kifaa duni, kwa kipimo kimoja, kuwa hukumu.

Desemba nilimweleza ami haya yote kwa Kiswahili, bila kutumia istilahi nisiyoweza kuifafanua. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tungekatana mapanga kwa ajili ya jua lililokwisha kutua."

Kesho yake yeye na baba walipanda minyaa mipya penye mapengo.